Kwa Nini Sipigi Picha za Rangi

Wakiniuliza kwa nini mpaka leo napiga picha nyeusi na nyeupe tu, nawajibu kwa maneno ya kitaalamu kuhusu mwanga na kivuli. Uongo mtupu. Nilizipenda kwa sababu sikumwamini mtu.

Nilikuwa mwalimu Tabora, nimepanga vyumba viwili Kanyenye. Kimoja nilikigeuza cha kusafishia picha: dirisha nimeliziba kwa blanketi, dawa ziko kwenye sahani za bati, taa nyekundu pembeni. Mkanda ulitoka kwenye kamera ukaingia mikononi mwangu, basi. Wa rangi ilibidi uende Dar es Salaam kwa posta, ukatazamwe na watu nisiowajua. Na miaka ile ya Ujamaa mwenye kamera alikuwa mtu wa kuangaliwa. Balozi wetu wa nyumba kumi alishaniuliza, huku akitabasamu, "Hivi mwalimu, hizo picha zako unampelekea nani?" Tabasamu lile sikulipenda hata kidogo.

Kisha ikaja amri kwamba watu wa kijijini kwa mama, mbele ya Igalula, wahamie kijiji kipya kando ya barabara. Mama hakulia. Alitaka kitu kimoja tu: picha mbele ya nyumba aliyojengewa na marehemu baba, mlango wake wa kijani uonekane kijani.

"Ya rangi, mwanangu. Hizo zako za majivu wapigie wenzako."

Nikanunua mkanda wa rangi. Mama akasimama mlangoni na khanga mpya, mikono kainyoosha kama askari, nikampiga picha. Wakati wa kurudi, stesheni ya Igalula, sikuweza kujizuia: nikaipiga picha injini ikiingia. Treni haijaondoka, nimeshaanza kujuta. Reli, ambayo kuipiga picha ni marufuku! Nani ataiona huko Dar es Salaam, na atamwambia nani? Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi sikuwahi kuumwa, nilishtuka tu.

Nikajiona mjanja. Kwenye bahasha niliandika jina la kubuni na sanduku la posta la shule, kwa kuwa barua zote za shule nilikuwa wa kwanza kuzipekua. Wiki ile bahasha iliporudi, nilikuwa kitandani na malaria.

Nilipopona, karani wa shule akatusimulia kwenye chai ya saa nne. "Kuna bahasha ilitoka Dar, ya bwana mmoja hivi. Hatuna mtu wa jina hilo hapa. Nimeirudisha."

Walimu wote walikuwepo. Ningesema ni yangu, ningeulizwa jina lile nimelitoa wapi. Nikaendelea kunywa chai. Baadaye niliandika Dar es Salaam mara mbili kwa jina langu la kweli. Hawakujibu, na siwalaumu. Mtu anadai picha za mwenzake!

Nyumba ilikuwa imeshabomolewa. Kila nilipokwenda kijiji kipya, kabla sijamaliza kumwamkia, mama aliuliza, "Imefika?" Mwishowe nikamwambia watu wa posta wameipoteza. Aliwalaani mpaka akaishiwa pumzi, nami nikaitikia, "Kweli mama, siku hizi watu si wa kuaminika."

Akanishika mkono. "Afadhali ninaye wewe, baba."