Ataa Kakra, Mwanachama Hewa

Dada yangu Ataa Kakra ndiye aliyeshona nguo za msiba za mji mzima wa Nkwantaso, nyekundu na nyeusi, mpaka watu wakawa wanasema akikutazama mara mbili ujue ameshakupima. Mkono wake mwepesi, mdomo wake mzito. Mdomo wa familia nilirithi mimi, na haujawahi kulalamika kwamba umekosa kazi.

Lazima niwaeleze tulivyozaliwa, maana kesi yote imelala hapo. Mama alianza na mapacha wa kike, ambao kwetu kila mmoja huitwa Ataa. Aliyetangulia akawa Ataa Panin, yaani mkubwa, na wa pili Ataa Kakra, mdogo. Nikafuata mimi, nikaitwa Tawia. Kwetu anayefuata mapacha ni Tawia, apende asipende, na anayemfuata Tawia ni Nyankomago. Huwezi kuwa Tawia bila mapacha mbele yako, kama vile mkia hauwezi kuwa mkia bila ng'ombe.

Na mapacha wana adabu yao. Ukimnunulia mmoja kitambaa, umnunulie na mwenzake. Siku yao hupikiwa viazi vikuu, vikapondwa kwa mawese, na juu yake mayai, kila mmoja na yai lake. Mama alikuwa maskini wa kutupwa, lakini hakuthubutu kuwapa yai moja wagawane.

Serikali ilithubutu.

Gharama za bima ya afya zilikuwa zinapanda kila mwaka kama nyani aliyeona ndizi. Waziri akasema redioni kwamba serikali haitalala. Kweli haikulala, ilikula. Iliunda kamati, kamati ikala kuku, kisha ikaunda kamati ndogo, nayo ikala vifaranga. Mwisho jibu likatoka: gharama zinapanda kwa sababu ya wanachama hewa. Si dawa zinazouzwa kwa bei ya dhahabu, si magari ya wakubwa. Hewa. Mashine ikaamriwa itafute watu wawili wenye jina moja, mama mmoja na siku moja ya kuzaliwa, imfute mmoja. Shule niliiacha kabla haijanizoea, lakini hata mimi ningewaambia hao ni kina nani.

Dada zangu wote wawili walikuwa wameandikishwa Ataa Serwaa, kwa kuwa karani wa zamani alisema Panin na Kakra si majina, ni vipimo.

Wakati huo Kakra alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alishamshonea mjane mmoja nguo yenye mkono mweusi na mkono mwekundu. Mjane akaivaa kwa heshima, watu wakadhani ni fasheni. Bila macho hana kazi, na bila bima bei ya jicho moja ni cherehani zote za mtaa wetu. Siku ya kupasuliwa ikafika, akaenda hospitali na begi lake, kadi ikakataa. Wakamwambia hayupo.

Tukaenda ofisi ya bima sote watatu. Picha ya waziri ilikuwa ukutani, inacheka. Karani alikuwa kijana msafi mwenye beji kifuani: Nyankomago Boadu. Niliposoma jina hilo nikajipongeza kimoyomoyo, nikajua tumeshinda kabla ya kukaa.

"Mama, mfumo unasema nyinyi ni mtu mmoja," alimwambia Kakra.

"Wewe unatuona wangapi, mwanangu?"

"Mimi nawaona wawili. Ila mfumo hauna macho."

"Basi mfumo na mimi tuna ugonjwa mmoja," Kakra akasema. "Huo mfumo wenyewe unatibiwa na nani?"

Nikasogeza kiti. "Kijana, mimi naitwa Tawia. Huyu akiwa hewa, mimi nimemfuata nani? Na wewe, Nyankomago mzima, kwenu hakuna mapacha?"

Alisema wapo, wa kiume. Mmoja naye amefutwa. Tena aliyebonyeza ni yeye mwenyewe, maana ilikuwa zamu yake. Alilisema hilo kama mtu anayeagiza chai. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu, tamu, nikaikunja, nikauliza rufaa inakatwa wapi.

Akaeleza kwamba rufaa ipo, ila kamati ya kuzisikiliza bado haijaundwa. Kisha akainama kama anayetupa zawadi. "Mjomba, mmoja si yupo? Mapacha hugawana. Gawaneni."

Nilitema mate kizingitini kwao, na sijutii.

Panin akamtolea mwenzake kadi. Kakra alikataa katakata, akasema ni yaleyale ya yai moja. Panin anakaanga viazi sokoni, akamjibu kikaangaji: "Viazi vikiiva navijua kwa kunusa. Wewe sindano utainusa?"

Basi Kakra akaenda na kadi ya Panin. Nesi alipoita Ataa Serwaa, aliitika bila uongo, jina ni lake pia. Wakasafisha jicho moja, baadaye la pili. Aliporudi alinitazama miguu muda mrefu.

"Tawia, suruali hiyo kakushonea nani?"

"Wewe."

"Basi kweli nilikuwa kipofu."

Waziri naye akaja Nkwantaso na maturubai, tarumbeta, na fulana zenye uso wake. Akatangaza kwamba hewa imekwisha, gharama zimedhibitiwa. Hajafunga mdomo, akaongeza kwamba michango itapanda kidogo ili kulinda mafanikio hayo. Watu wakapiga makofi kwa sababu soda zilikuwa hazijagawiwa.

Lakini macho ya mapacha yalifinyangwa siku moja. Panin akaanza kuunguza viazi, maana pua haikumwonyesha kikaango kilipo. Alipokwenda hospitali daktari akammulika, akaona ukungu mweupe pande zote mbili. Nesi akatazama mashine, akasema macho ya Ataa Serwaa yalishapasuliwa yakapona, na bima hailipi mara mbili, ndiyo maana hewa iliondolewa. Daktari akasema anauona ugonjwa kwa macho yake. Nesi akamjibu kwamba bima haiuoni.

Panin angeweza kusema aliazima kadi. Lakini hiyo kwa sheria ni wizi, na mwizi angekuwa Kakra. Akashukuru, akatoka akipapasa ukuta.

Siku yao ikifika sasa, Kakra ndiye anayepika. Mimi hualikwa, mkia haubaki nyumbani. Yai lake haligusi. Huweka yote mawili kwenye sahani ya mwenzake, kimya, akidhani hatajua. Panin hupapasa juu ya viazi, akalikuta moja, akalikuta la pili, halafu hunyoosha mkono gizani mwake na kumrudishia moja.