Stendi ya Tangi la Madrasa

Kuchomelea nilijifunza kwa kutazama mafundi, na hesabu za chuma kwa vitabu vya mitumba, kwa hiyo nilipopita miaka hamsini sikuona haya kufundishwa na mpwa wangu. Anasomea uhandisi. Likizo ile alikuja Malindi na programu ya kompyuta inayokigawa chuma, kwenye mchoro, katika vipande vidogo vingi, kisha kukokotoa nguvu inayopita katika kila kimoja.

Sikutaka mifano ya kitabuni. Karakanani nilikuwa nimemaliza stendi ya tangi la madrasa moja ya Mambrui. Ingesimama juu ya mahali watoto wanapotia udhu. Ikianguka, inawaangukia wao.

Siku mbili nilichora kila mhimili kwa vipimo vyake. Ya tatu nikaandika uzito, 5000, nikabonyeza. Mchoro ukajaa rangi, lakini rangi nyekundu huonyesha tu palipoelemewa zaidi ya pengine; cha kusoma ni namba. Namba kubwa kuliko zote ilikuwa sehemu moja tu ya tano ya kiwango kinachoruhusiwa kwa chuma.

"Umeona?" nikasema. "Mkono huu haukosei."

Mpwa wangu akainamia kioo. "Mjomba, elfu tano umeitoa wapi?"

"Imeandikwa ubavuni mwa tangi."

"Hizo ni lita! Programu inataka nyutoni, na lita moja ya maji ni karibu nyutoni kumi. Hapa umewapandishia watoto madumu ishirini na tano tu ya lita ishirini."

Matangi tunayanunua kwa lita, tunayataja kwa lita, na mkono ukaandika lita bila kuuliza. Nikasahihisha, uzito ukawa karibu mara kumi. Namba ikapanda hadi maradufu ya kiwango. Nikarudia kwa kalamu. Jibu lile lile. Stendi nilikuwa nimeijenga kwa mazoea ya matangi madogo.

Nikampigia simu mwalimu wa madrasa. "Ustadhi, Ijumaa siji kuisimamisha stendi. Ni dhaifu, na kosa ni langu."

"Nami nishawatangazia wazazi!" Akashusha pumzi. "Haya, itengeneze, fundi. Wazazi niachie mimi."

Tukaongeza mihimili ya mshazari. Namba ikashuka chini ya kiwango, na sasa programu ilisema mhimili wa kati utapinda milimita mbili tangi likijaa. Mambrui, stendi ilipokwisha kusimama na tangi juu yake, nilivuta uzi wa kupimia chini ya mhimili huo kabla ya kufungulia maji. Tangi lilipojaa nikapima: milimita mbili, na ziada ya unyoya tu.

"Watoto waje?" ustadhi akauliza.

Nikafungua mfereji wa kwanza, nikatia udhu mwenyewe, kiungo baada ya kiungo, bila haraka. Kisha nikamwambia waje.