Picha ya Mzee Mwenye Koti

Jamani, hili jambo nimelikalia kimya muda mrefu, na hata leo nisingelisema kama si ile video ambayo bado inazunguka kwenye simu za watu, kiasi kwamba siwezi kukatiza sokoni hapa Tunduma bila mtu kuniita, "Dada, na mimi unanizika lini?" Sasa bora mlisikie kwangu mwenyewe, na kama ni kucheka mcheke mbele yangu.

Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yangu hayakuwa ya kumwonesha mgeni, nikawa namsaidia mama kuuza vitenge karibu na mpaka, na wateja wakipungua nachora. Kuchora nilijifunzia kwenye simu, naangalia video, nafuta, narudia (watu wangu wa mwanzo wote walikuwa viazi vyenye masikio), mpaka siku moja dereva wa lori aliyekuwa anasubiri kuvuka akaitazama karatasi yangu akasema, "Wee, huyu si mimi huyu?" Nilikosa usingizi kwa furaha. Toka siku hiyo nikawa sina habari nyingine, nataka chuo cha sanaa, nataka niishi kwa penseli. Baba hakutaka kusikia. Yeye alikuwa anataka nisomee uwakala wa forodha. "Mpaka upo, malori yapo, halafu wewe unataka kuchora pua za watu?" Tukabishana wee, mwisho akanikatia neno: "Nioneshe mtu mmoja mwenye akili timamu aliyekupa kazi ya maana, nami niione kwa macho yangu. Chuo nitakulipia."

Mtu huyo alikuwa Mama Zawadi, anayeuza jirani na mama. Baba yake, mzee Aroni, alikuwa amefariki mwaka uliopita, na ukoo ulikuwa unajiandaa kwenda kumjengea kaburi kwao Itaka, pamoja na ibada. Akaniambia, "Faraja mwanangu, nataka umchore baba, picha kubwa, tuifunue siku ile watu wamwone." Nilishasema ndiyo kabla hajamaliza. Mchana akanitumia picha kwa simu. Ni picha ya zamani iliyopigwa tena kwa simu, wazee watatu kwenye benchi, na chini kaandika: "Ni huyo mwenye koti."

Wenye koti walikuwa wawili.

Hapo palitakiwa swali moja tu. Lakini nikawaza, nikiuliza ataona sijui kazi, atasema mtoto huyu kupewa picha tu kashachanganyikiwa. Halafu niwaambie ukweli, yule wa katikati alikuwa na uso wa kuchorwa, ana mikunjo, ana mashavu yaliyobonyea, mwanga unamwangukia upande mmoja kama nimeuagiza mimi. Yule wa pembeni uso wake ulikuwa laini kama sahani. Nikajiambia marehemu lazima ndiye aliyekaa katikati (kana kwamba siku wanapiga picha walishajua nani atatangulia!). Basi, nikamchora wa katikati.

Nilimchora kwa moyo wote. Sijawahi kuchora kitu kama kile, macho yanakufuata ukienda kulia, yanakufuata ukienda kushoto, mpaka mama akawa anapita pale chumbani huku ameinamisha kichwa. (Mama yangu hakuwahi kumwona mzee Aroni hata siku moja, kwa hiyo msimlaumu.) Mama Zawadi alikuja kuomba aione, nikamkatalia. Nikamwambia ni saprazi, wasanii hatuoneshi kazi kabla ya siku yake. Wasanii! Na ili ikamilike, chini yake nikaandika kwa herufi kubwa nilizozifanyia mazoezi siku nzima: PUMZIKA KWA AMANI, BABA YETU MPENDWA.

Siku ikafika, tukaenda Itaka. Baba naye alikuja, kavaa suti, kakaa mstari wa mbele kwa sababu Mama Zawadi alimtambulisha kwa watu wote kama baba wa msanii. Watu walikuwa wengi, turubai limejaa, kwaya inaimba. Mafundi walikuwa wamemaliza kulimwagia kaburi zege asubuhi ile ile, usawa wa ardhi, saruji mbichi bado inang'aa. Picha yangu ikasimamishwa kwenye stendi ya mbao upande wa kichwani mwa kaburi, imefunikwa kitenge, nami nikaambiwa nisimame kando yake ili mchungaji akinitaja watu wanione. Vijana wakatoa simu, mimi mwenyewe niliwaomba warekodi, nilitaka nikaiweke mtandaoni.

Wakati kwaya inaimba wimbo wa mwisho ikaingia gari, akashuka mzee mmoja na fimbo, kavaa kofia iliyomfunika hadi kwenye nyusi. Nikasikia wakinong'ona kwamba ni mzee Yoramu, mdogo wake marehemu, anayeishi upande wa Zambia, na kwamba kwenye msiba hakuja kwa sababu walikuwa hawaelewani na familia ya kaka yake kuhusu shamba la kahawa. Wengi walishangaa kumwona, kumbe bibi ndiye aliyemwita. Wakampisha mbele kabisa, kando ya bibi, mjane wa marehemu, na bibi akamshika mkono, wanawake wawili watatu wakaanza kufuta machozi. Nikasema moyoni, siku nzuri hii, mpaka waliogombana wanapatana mbele ya kazi yangu.

Mchungaji akasema, "Sasa tumwone baba yetu." Mama Zawadi akavuta kitenge.

Nilitegemea vigelegele. Hakuna aliyepiga. Nikasikia bati la jikoni likigongwa na upepo. Mama Zawadi kashika kitenge mkononi, mdomo wazi. Bibi akainuka nusu, akatazama picha, akamtazama aliyekaa kando yake, akatazama picha tena, halafu akapiga kelele: "Yesu wangu! Shemeji!"

Mzee Yoramu akavua kofia ili aone vizuri. Nami ndipo nilipomwona. Mikunjo ile. Mashavu yale. Nilikuwa nayajua yale mashavu kuliko ya baba yangu mzazi.

Akainuka, akaja taratibu na fimbo yake mpaka mbele ya picha, akasoma maneno ya chini huku midomo inatikisika. Sasa hebu fikirini watu waliokaa nyuma, ambao hawamjui mzee Yoramu, wanaona marehemu yuko kwenye picha, na marehemu huyo huyo kasimama kando ya kaburi anajisoma. Mama mmoja akapasua sauti, "Amefufuka!" na hapo turubai zima likainuka, viti vinaanguka, watu wanarukia mashamba ya mahindi, soprano wote wa kwaya sikuwaona tena.

"Awe, mwebantu!" mzee akasema, Kibemba cha Zambia kikimtoka. "Enyi watu! Mmeniita huku nije kupatana, kumbe mmeshanizika?"

"Hapana baba mdogo, hapana!" Mama Zawadi analia. "Ni huyu mtoto! Faraja, umefanya nini?"

Macho yote kwangu. Mzee naye akanigeukia. Nilitakiwa nipige magoti niombe radhi, si ndiyo? Badala yake kinywa changu kikasema, kwa sauti ambayo kwenye ile video inasikika vizuri kabisa, "Shikamoo baba, samahani sana, sikujua kama upo hai."

Nilipoisikia sentensi yangu mwenyewe nilirudi nyuma kwa aibu, hatua moja, ya pili, ya tatu mguu wangu ukazama kwenye kitu laini na cha baridi. Mbele yangu waliobaki wote wakaguna kwa pamoja, "Aaah!" Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama juu ya kaburi la mzee Aroni, saruji mbichi imenifika kwenye kifundo. Nikauvuta mguu. Mguu ukatoka, kiatu kikabaki.

Fundi alikuja na mwiko wake, akang'oa kiatu bila kunitazama, akaanza kusawazisha upya. Mzee Yoramu alikalishwa, akapewa maji. Bibi ndiye aliyemwokoa kila mtu, alipiga magoti mbele ya shemeji yake akamwambia, "Ni kosa la mtoto, hakuna aliyekutakia mabaya. Kama tungekutakia, nisingekushika mkono." Mzee akakubali kwa kichwa. Alipoinuka kuondoka akasema, "Hiyo picha nipeni. Siwezi kuacha sura yangu makaburini." Akaikumbatia imegeukia ndani, akaingia garini.

Tukiwa njiani kurudi Tunduma, tulipoipita Vwawa, baba akakohoa, akauliza, "Huko chuo cha sanaa, wanafundisha kuuliza?"

"Sijui, baba."

"Ulizia. Kama wanafundisha, utaenda."

Sikuamini. Alisema alimwona mzee na picha yake wamesimama pamoja, akashindwa kusema nani ni nani, na kwamba mtu mwenye mkono wa namna ile yeye hawezi kumpeleka forodhani. (Ila aliongeza kuwa mkono umetangulia, akili inakuja nyuma kwa miguu.) Kesho yake tulirudi kwa Mama Zawadi kuomba radhi, na mzee Aroni nilimchora upya bure, mbele ya macho ya Mama Zawadi mwenyewe, ananielekeza mpaka nyusi.

Nikaapa. Sitachora tena mtu yeyote bila kuuliza ni yupi, anaitwa nani, na yupo au hayupo.

Miezi ikapita. Siku moja simu ikaita, namba ya Zambia, mwanamke akauliza, "We ndiye uliyemchora mzee Yoramu?" Nikajua mzee kafa, na mimi ndiye niliyemtangulizia msiba. Kumbe ni binti yake. Akasema mzee alikata yale maneno ya chini kwa mkasi, akaitundika picha sebuleni, kila mgeni anaoneshwa, na sasa anataka nimchore mke wake naye, picha zikae pamoja.

Nilifurahi mpaka nikasimama. Halafu nikakumbuka kiapo changu, nikajiweka sawa kama mtu wa kazi, nikauliza, "Samahani dada, huyo mama yupo hai?"

Sauti nyingine, ya mwanamke mzee, ikasema karibu kabisa na simu:

"Nipo, mwanangu. Nakusikiliza."