Dakika Tatu za Mama Mkwe

Mwaka ule mji wetu ulipoishiwa na pesa, mama mkwe wangu alikuwa ametutembelea kutoka Mombasa kwa miezi sita, na mume wangu alikuwa ndiye mchanga kuliko wote katika kituo cha wazima moto. Uchanga wenyewe haukuwa wa miaka. Miaka alikuwa nayo ya kutosha, na upara juu yake. Nasema uchanga wa kazi. Baada yake hakuwa ameajiriwa mtu mwingine, na kanuni ya kule ni kwamba aliyeingia mwisho ndiye anayetolewa kwanza.

Nasema "mji wetu", lakini kilikuwa kijimji tu kilichobanwa kati ya Arlington na Mansfield. Wageni wetu wote walidhani bado wako Arlington mpaka polisi wetu awasimamishe kwa mwendo wa kasi. Jina la mji sitalitaja, kwa kuwa bado tuna jamaa huko wanaotualika kula.

Mume wangu alikuja Marekani kusomea uhasibu. Akauchoka, akaendesha teksi za uwanja wa ndege, kisha siku moja akatangaza mbele ya watu kwamba anakwenda kusomea kuzima moto. Wakenya wenzetu walimtazama kwa huruma. Pale Arlington kila shida ilikuwa na dawa moja: kasomee unesi. Umefukuzwa kazi, kasomee unesi. Ndoa imekushinda, kasomee unesi. Mimi nilikuwa nimeshausomea, kwa hivyo ilionekana kwamba katika nyumba yetu shida zote zimekwisha.

Kazi ile ya moto sikuipenda, na nasema wazi. Hospitalini nilikuwa nimeshawafunga bendeji watu walioungua, na anayeijua kazi hiyo hahitaji kuelezwa zaidi. Siku moja mume wangu alirudi nyumbani sikio limebabuka, akaanza kunisimulia habari za paa la ghala lililowaangukia, huku anacheka. Nilimnunia siku tatu. Kila alipotoka kwenda zamu yake ya saa ishirini na nne nilimwombea mambo mawili: kwanza arudi mzima, pili Mungu amtoe kwenye kazi hiyo kwa heri. Hilo la pili sikumwambia.

Basi, pesa za mji zilikwisha hivi. Palikuwa na duka moja kubwa mno, la kuuza kila kitu, na kodi yake ndiyo iliyokuwa ikiulisha mji. Likahamia upande wa pili wa barabara kuu. Kwetu sisi wanunuzi haikuwa kitu, unavuka taa moja tu umefika. Lakini upande wa pili ulikuwa mji mwingine, na kodi ilivuka na duka. Kufika Agosti, baraza la madiwani lilikuwa limekaa na bajeti isiyotosha, na karatasi zikaanza kuzunguka kituoni zenye habari za polisi na wazima moto watakaopunguzwa.

"Wata-cut watu watano kwetu," mume wangu alisema jioni moja akivua viatu mlangoni. "Mimi ndiye wa kwanza kwa list."

"Si ulisema wewe ndiye wa mwisho?"

"Wa mwisho kuingia, wa kwanza kutoka. Usinichanganye, na leo sina nguvu."

Akaketi na soksi moja mkononi. Sijawahi kumwona mtu ameshika soksi kwa huzuni namna ile. Niliingia jikoni nikajishughulisha na sufuria, kwa maana nilijua uso wangu hausemi kile ambacho uso wa mke unapaswa kusema.

Mama mkwe alikuwa kwenye kochi akichambua mchele uliokuwa safi tayari. Aliuweka chini.

"Mkubwa wa mji huu ni nani?"

"Meya, mama," mume wangu alisema.

"Mamake yu hai?"

"Sijui, mama. Nitajuaje?"

"Umekaa kwenye mji wa watu miaka yote hii, hujui mkubwa wake kama ana mama. Ndiyo sababu wanataka kukutoa. Nipelekeni nikamsalimu."

Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Na kwa kweli njia ilikuwepo. Kabla ya kupitisha bajeti, baraza lilikuwa na kikao ambapo mwananchi yeyote angeweza kujaza kadi na kuzungumza. Mume wangu mwenyewe asingeweza, maana wazima moto walikuwa wamekubaliana mwenzao mmoja awasemee wote. Lakini mama yake hakuwa mzima moto. Karani wa baraza, mama mmoja mpole mwenye miwani ya mnyororo, aliniambia kwenye simu kwamba mgeni anaruhusiwa, na kwamba atapata dakika tatu sawa na kila mtu.

"Na mkalimani?" nikauliza.

"Dakika tatu pamoja na mkalimani," akasema.

Mkalimani nilikuwa mimi.

Siku ya kikao mama mkwe aliamka mapema akapika mahamri. Nilimwambia madiwani hawaruhusiwi kula cha mtu aliyekuja kuomba. Akaniuliza kama kwetu tumefundishwa kwenda kwa watu mikono mitupu, na kwa kuwa mimi na yeye ni watu wa mtaa mmoja wa Mombasa, nikamtafutia bakuli la kuyabebea. Mahamri yaliishia mlangoni, kwa polisi wawili waliokuwa wakikagua mikoba. Mmoja wao alikuwa na jina lake kwenye orodha ileile, alituambia mdomo umejaa. Mama mkwe akamwongezea mawili.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele waliketi meya na madiwani sita kwenye meza ndefu iliyopinda, na mbele yao kulikuwa na kimeza cha msemaji chenye taa tatu: ya kijani ukianza, ya manjano ikibaki nusu dakika, nyekundu umekwisha. Mume wangu alikaa mstari wa pili, nyuma yetu, mgongo umemnyooka kama anayepigwa picha ya pasipoti. Nyumbani nilikuwa nimemfundisha mama mkwe maneno manne ya maana: huyu ni mwanangu, kazi hii anaipenda, ana mke, mwacheni. Aliyasema vizuri sana mbele ya kioo.

Tulipoitwa, alitengeneza buibui lake, akamtazama meya usoni, na taa ya kijani ikawaka.

"Mheshimiwa meya, hujambo?"

Nikatafsiri. Meya akasema hajambo, ahsante.

"Watu wa nyumbani hawajambo? Wazee wangali hai?"

Nikatafsiri. Meya alishangaa kidogo, kisha akasema babake alishafariki, lakini mamake yuko, anaishi Fort Worth. Mama mkwe akamrehemu baba na kumwombea mama umri. Nikatafsiri rehema, nikatafsiri na umri. Kisha akamgeukia diwani wa kwanza kushoto, akamuuliza hali yeye pia, maana huwezi kumsalimu mkubwa ukawaruka waliokaa naye. Yule wa tatu alimjibu kwamba yeye hajambo ila mkewe amepasuliwa goti. Hapo ikabidi zitolewe pole, na pole ya mama mkwe wangu si fupi. Ina ushauri wa mafuta ya kuchulia.

Mtu ambaye hajawahi kukaa na watu wa pwani atadhani bibi yule alisahau kilichomleta. Hakusahau. Kwa malezi yake, kuanza na shida yako kabla ya kuuliza hali za watu ni kuwatukana. Aliwasalimu kwa ajili ya mwanawe, na kadiri alivyompenda ndivyo alivyozidi kuwasalimu. Wale watu, naapa, walikuwa wakitabasamu. Katika jioni yote hiyo ya wananchi kuwapigia kelele, hakuna mwingine aliyewauliza kama wamelala salama.

Lakini taa niliiona mimi. Yeye hakujua maana yake, mimi nilijua. Mkalimani mwenye nia njema angesema, "Mama anawasalimu nyote na familia zenu," kisha angesema mwenyewe yale maneno manne, akamaliza na dakika nzima mkononi. Hilo lilinijia kichwani, na wazi kabisa. Nikaitazama ile kijani ikigeuka manjano, nikaendelea kutafsiri goti.

"Mimi ni mama yake..." alianza hatimaye, akigeuka kumwonyesha mume wangu kwa mkono. Taa ikawa nyekundu na kengele ikalia. Watu walipiga makofi kwa upendo. Meya alimshukuru sana, akamwita msemaji mwingine, aliyekuja kulalamikia mashimo ya barabara.

Garini mama mkwe alikuwa na furaha. "Tumesalimiana vizuri. Hawawezi tena kumfukuza mtoto."

Wiki mbili baadaye bajeti ilipita. Mume wangu alirudisha kofia, viatu na lile koti zito, akasainishwa karatasi, akaja nyumbani na mfuko wa plastiki wenye kikombe chake cha chai. Mama mkwe alielezwa yote. "Basi wale hawana adabu," akasema, na mwezi uliofuata akarudi Mombasa hajawasamehe.

Na mimi? Usiku wa kwanza nililala fofofo, na asubuhi nikaona haya.

Hakwenda kusomea unesi. Binamu yake alikuwa na duka huko Houston, mtaa wa Gulfton, akiuza nyama ya halali, unga wa ugali na kadi za simu za kupiga nyumbani. Mume wangu akawa anakwenda kumsaidia kuanzia Jumatatu, anarudi Ijumaa, mwendo wa saa nne na zaidi kila upande. Kwenye simu alisema yuko sawa. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini, mpaka wikendi moja nikateremka mwenyewe kumtembelea.

Gulfton ni mafleti yaliyosongamana, na kila familia ya wateja ilitualika chai. Kila tulipoingia, mume wangu aliwasalimu watu huku macho yake yako kwenye dari. Alikuwa akitafuta kile king'ora kidogo cha moshi. Ala, kimening'inia waya tu. Au kimefunikwa mfuko kwa sababu kinalia mama wa nyumba akikaanga samaki. Anaomba kiti, anapanda, anatoa betri mpya mfukoni mwake, anaiweka. Kisha anawauliza watoto, kwa Kiingereza chao, watatokea dirisha gani moto ukianza mlangoni. Binamu yake aliniambia betri hizo anazichukua dukani kila wiki, na kwamba mtaa mzima unamwita Mzee wa Betri. Aliniambia kwa mzaha. Nilimtazama mume wangu amesimama juu ya kiti cha watu, mikono juu, uso umemtulia, nikakumbuka kwamba miezi ile yote nyumbani sijauona uso huo.

Barua ilikuja masika, siku ya Jumanne. Kodi za mji zilikuwa zimetengamaa kidogo na wale waliopunguzwa walikuwa wakiitwa mmoja mmoja. Yeye, aliyetolewa wa kwanza, akawa wa mwisho kuitwa. Ajibu ndani ya siku kumi. Niliisoma nimesimama jikoni, nikaiweka juu ya friji. Jumatano tukaongea kwa simu, nikamweleza habari za bomba linalovuja. Alhamisi pia tukaongea.

Ijumaa alipofika, nilimwacha aketi, nikampa. Akaisoma, akaigeuza bahasha, akatazama muhuri.

"Imefika lini?"

"Jumanne."

"Jumatano tuliongea."

"Tuliongea." Nikaona heri nimalize yote. "Na siku ile ya baraza, ningeweza kumfupishia mama. Taa niliiona."

"Nilikuwa nyuma yako," alisema. "Nilisikia. Ulitafsiri mpaka mafuta ya goti."

Miezi minane alikuwa analijua hilo, anakula chakula changu, ananipigia simu kila siku. Nilitafuta pa kuweka mikono yangu.

Akaikunja barua. "Unataka nirudi kituoni?"

"Sitaki," nikamwambia. "Nenda."