Edin, Si Sedem

Harufu ya mafuta ya mashine imenirudisha utotoni, mtaa wa Troyeville huku ugenini, kwa babu wa Kibulgaria, fundi saa, ambaye mama alikuwa akimfagilia duka. Alinifundisha kusema dnes, leo; utre, kesho. Asubuhi moja, mshale mfupi ukiwa kwenye saba, akaniuliza saa ngapi.

"Edin," nikajibu. Moja.

Akacheka. "Sedem!" Saba.

"Kwetu hiyo ni saa moja."

Mama akaninong'oneza, "Mwanangu, mkubalie tu mzee wa watu."

"Edin!" nikapiga kelele, machozi yakinitoka.

Leo fundi mwingine ameigeuzageuza saa yangu ya mkononi. "Eish, dada, hii imekosea kwa masaa sita. Nikurekebishie?"

"Wewe nibadilishie betri tu," nimemwambia. "Mishale usiiguse."