Suruali za Bwana Pasi

Fundi wa cherehani wa mtaa wetu aliitwa Bwana Pasi, na jina lilimkaa. Kwa miaka ishirini na tisa hakuna aliyemwona na suruali iliyokunjamana. Alikuwa na maneno mengi na mkono mwepesi. Alikuzungushia tepu kiunoni, akakutania kitambi chako, nawe ukatoka dukani unacheka.

Zahanati ilikuwa nyuma tu ya duka lake. Kila mwaka ilitenga wiki nzima ya kuwapima wanaume waliovuka arobaini: presha, sukari, tezi dume. Tangazo likibandikwa tu, wanaume wa mtaa waliingia mitini, maana walishatishana vya kutosha kuhusu hicho kipimo cha mwisho, na aliyewachekesha zaidi ni yeye Bwana Pasi. Mwaka mmoja mapazia ya chumba cha kupimia aliyashona yeye. Aliyatundika, akayanyoosha, na muuguzi alipomwomba akae dakika tano apimwe, akasema ameacha pasi inawaka. Uongo mtupu.

Mwaka huohuo akaanza kupungua. Mtu mwingine nguo zingempwaya, watu wakaona, wakasema. Yeye suruali ikilegea aliketi kwenye cherehani akaibana, inchi mbili leo, inchi mbili nyingine baada ya miezi, ikamkaa sawasawa. Majirani walimwona nadhifu kama kawaida. Hata yeye, akijitazama kwenye kioo cha wateja, aliangalia mshono akaridhika. Kiu isiyokwisha aliisingizia vumbi la vitambaa. Safari za msalani akazisingizia umri. Ndivyo tulivyo wanaume, tuko radhi kufa na tai shingoni.

Mkewe alizifua suruali hizo miaka yote bila kuzigeuza. Siku moja jua lilikuwa kali, akaigeuza moja ndani nje isipauke. Mshono wa nyuma ulikuwa na mistari mitano ya uzi, mmoja ndani ya mwingine. Akaenda kabatini akatoa ya pili, ya tatu, zote. Hakupiga kelele. Alizipanga kitandani, akamwita mumewe, akamuuliza anamficha tangu lini.

"Sikukuficha wewe, mama watoto," alisema, akikaa ukingoni mwa kitanda. "Nilikuwa najificha mwenyewe."

"Basi kesho tunakwenda. Na sikuulizi kama unataka."

Wakaenda. Muuguzi alimzungushia tepu, akasoma thelathini na mbili, akamuuliza zamani kiuno kilikuwa ngapi. Wagonjwa wengi hapo hubahatisha. Fundi alijibu kwa miezi: arobaini, mwaka juzi mwezi wa sita; thelathini na nane, mwezi wa kumi na moja; thelathini na sita, mwaka jana mwezi wa nne. Alipofika thelathini na nne akaishia hapo, akaitazama tepu. Hakuwahi kuzisikia namba hizo zikitajwa mfululizo, na zingekuwa za mteja, angemshika mkono akampeleka kwa daktari siku hiyohiyo.

"Kumbe ulikuwa unajua, baba," muuguzi alisema kwa upole.

Alikunja mkono wa shati. Walimtoboa kidole, wakampima presha, macho, figo, hata kile kipimo alichokifanyia mzaha miaka yote, nacho kilikwisha kabla hajamaliza kuogopa.

Mkewe alikuwa kwenye benchi la nje. Alipomwona anatoka, alisimama.

"Ni sukari," alimwambia. "Imepanda sana. Lakini macho na figo bado vizima. Wanasema nimewahi, ila kidogo tu. Dawa naanza leo."

Mama wa watu, ambaye tangu jana hakuwa amedondosha chozi, alikaa tena akalia mbele ya wanaume wote waliokuwa kwenye foleni.

"Ningekuzika," alisema. "Ningekuzika, na nguo zako nazifua mimi."

Bwana Pasi alilisogelea benchi. Alikaa karibu naye, akamshika mkono mpaka alipomaliza kulia.