Nilivyomfuatilia Msomaji Kisiwa Panza

Mimi ni mtu wa kushuku. Wenzangu maktabani husema mtu akinisalimia mara mbili najiuliza hiyo ya pili alitaka nini, na hawakosei. Ndiyo maana chuo chetu cha uuguzi kilipotafuta mtu wa kuvuka kutoka Unguja kwenda Pemba kumchunguza mwanafunzi, hakuna aliyeshindana nami.

Mwanafunzi mwenyewe ni Riziki, aliyepelekwa kituo cha afya cha Kisiwa Panza kwa mafunzo ya vitendo. Wanafunzi walioko mbali tumewafungulia maktaba kwenye simu zao: kila mmoja na akaunti yake na neno lake la siri, na ni marufuku kumpa mwingine. Akaunti ya Riziki ilikuwa ikifunguliwa kwenye simu mbili tofauti, alfajiri na adhuhuri, hata Ijumaa watu wakiwa msikitini, na karibu kila mara ukurasa ni uleule. Nikasema huyu kauza neno la siri, au hayuko kituoni kabisa na kuna mtu anamfungulia ili aonekane anasoma. Lolote kati ya hayo likithibitika, mafunzo yake yanafutwa na mwaka wake mzima umekwenda na maji.

Bandari ya Mkoani niliteremka botini asubuhi, nikapata gari la kunipeleka Chokocho. Dereva alitaka kujua naenda kwa nani. Nikamjibu naenda kwa wenyeji, maana sikujua yeye naye ana undugu na nani.

Chokocho nilipanda mashua ya mashine pamoja na akina mama waliotoka sokoni. Hapo nikajaribu kuchokonoa kidogo. Nikawaambia natoka Unguja, nataka habari za msichana mmoja anayeitwa Riziki, tabia zake na watu anaokaa nao. Walitazamana. Mmoja akatoa simu, akanipa mgongo, akanong'ona nayo hadi tukafika.

Kisiwa Panza, hata viatu sijavivaa vizuri, nikaambiwa Bi Mkasi ananisubiri. Bi Mkasi ndiye muuguzi mkuu wa kituo, na Riziki anaishi kwake. Nilikuta mkeka mpya umetandikwa, mkate wa kumimina, pweza wa nazi, na jirani aliyevaa kanga za kutokea. Mgeni ambaye hakualikwa hapokewi hivyo bila sababu. Nikajua wamejipanga.

"Karibuni, kaeni kitako," alisema Bi Mkasi. "Mwatoka Unguja leo leo?"

"Leo leo. Riziki yuko wapi?"

"Yupo, atakuja. Kunyweni chai kwanza."

Nikauliza kama binti hutokatoka.

"Huyu? Hatoki huyu! Kituoni na nyumbani, basi."

"Na simu?"

Akamtupia jicho jirani yake. "Simu hana habari nayo. Hupita siku nzima hajaigusa."

Huo ulikuwa uongo mtupu, na mimi ndiye niliyejua. Jirani akadakia kwamba Riziki ana adabu, hana maneno na mtu, na huyo pweza ninayemla kampika yeye. Nikajiuliza pweza ana uhusiano gani na maktaba. Nilipotoka uani kunawa, nikasikia sauti ya mwanamke nyuma ya nyumba: "Iweke simu hiyo, wee! Mgeni keshafika!" Basi nikaona kazi imekwisha. Nilirudi kwenye mkeka nikiwa na ripoti yangu kichwani, imebaki kuiandika tu.

Bi Mkasi akanisogezea mkate. "Na huyo kijana wenu," akauliza taratibu, "anafanya kazi gani?"

"Kijana gani?"

"Si huyo anayetaka kuoa."

Ilibidi niweke kikombe chini. Nikawaeleza kwamba sijaja kuposa, mimi ni Bi Zuwena wa maktaba ya chuo. Jirani alicheka hadi akajifunika kanga usoni. Bi Mkasi naye alianza kucheka, kisha akausogeza mkate kando.

"Maktaba? Mwataka kumfukuza?"

"Nataka ukweli."

"Basi n'kwambie kweli. Simu haimtoki mkononi, usiku na mchana. Ya kwake haishiki mtandao kule kituoni, yangu yashika. Kule asoma kwenye yangu, hapa nyumbani kwenye yake. Mtandao ukikatika aanza upya. Na huyo pweza kampika huyu," akamnyooshea kidole jirani.

Maelezo yalikuwa mazuri mno, nami maelezo mazuri huyashuku. Riziki alipoletwa, mwembamba, macho chini, nilimzuia kugusa simu, nikamwambia anieleze ukurasa ule unasema nini. Akaueleza wote, hatua kwa hatua, mama anapovuja damu nyingi baada ya kujifungua: uanze na nini, ufuatie nini, mikono yake ikifuata maneno hewani.

"Kwa nini huo tu kila siku, alfajiri na adhuhuri?" nikamuuliza.

"Kuna mama alijifungua hapa, damu ikawa haikatiki. Bi Mkasi ndiye aliyemwokoa. Mimi mikono ilinitetemeka tu. Sitaki initetemeke tena."

Nilifurahi kwa kweli, furaha ya kushindwa ambayo siijui sana. Nikamwambia, "Umesalimika, mwanangu."

Hakutabasamu. "Bi Zuwena, mmejuaje nasoma saa ngapi?"

"Mashine yetu huonyesha."

"Na ukurasa?"

"Na ukurasa."

"Hata Ijumaa?"

"Hata Ijumaa."

Akailaza simu yake kifudifudi kwenye mkeka, akaenda kuosha vikombe.

Madungu, hukohuko Pemba, kwa binamu yangu, ndiko nilikolala kusubiri boti. Niliandika kwa mkuu wa chuo kwamba Riziki hana kosa na aachwe amalize mafunzo yake. Akakubali, nami nikasafiri nikiwa mwepesi.

Unguja, baada ya muda, niliitazama tena akaunti yake, safari hii kwa nia njema. Haikuwa imefunguliwa hata mara moja tangu nilipoondoka kwake. Wazo langu la kwanza, kwa mazoea, lilikuwa kwamba kapata njia nyingine. Nilipotafakari nikaona aibu: nilikwenda Pemba kuhakikisha kwamba msichana anasoma, nikamwachia hakika kwamba anatazamwa. Nikampigia.

"Nasoma, Bi Zuwena," alisema, sauti ikija na kupotea.

"Mbona hatukuoni?"

"Nasoma kitabu cha Bi Mkasi, alichosomea yeye zamani."

"Hicho kimepitwa na wakati, mwanangu. Dawa zimebadilika."

"Najua," alisema. "Lakini hicho hakinitazami."